Sufuria za Barabarani: Chakula Bila Nyama, Muyinga Hadi Gitega



Mwezi huu ukurasa wa safari hauendi mbali. Unatoka hapa kwetu Muyinga, unapita Karuzi, unaingia Gitega, basi. Na hatuwaletei habari za majumba makubwa. Tunawaletea habari za sufuria: zile za maharage, sombe, lengalenga, ndizi za kupika, viazi vitamu na uji, ambazo watu wanauza pembeni ya barabara. Wengine wanabeba juu ya kinga (baiskeli), wengine wanasukuma toroli, wengine wana beseni kichwani na mtoto mgongoni. Ni chakula ambacho ndani yake hakuna nyama, na mara nyingi hakuna hata dagaa.

Najua kuna atakayesema: "Ah, maharage! Si ndiyo tunakula kila siku? Kuna habari gani hapo?" Habari iko, ndugu msomaji. Katika kila nyumba ya kambi kuna maswali mawili ambayo hayalali. La kwanza: watoto watakula nini ili wakue vizuri? La pili: pesa kidogo ya sabuni, daftari na dawa itatoka wapi? Wale wauzaji wa barabarani wanayajibu maswali yote mawili kwa sufuria moja. Tuwatazame vile wanafanya.

MUYINGA ASUBUHI

Muyinga ni mji wa njia panda. Barabara moja inatoka Ngozi. Nyingine inashuka mpaka Kobero, na ukivuka uko Kabanga, Tanzania. Nyingine inakwenda Karuzi na Gitega. Tangu mabadiliko ya mwaka 2025 Burundi ina mikoa 5 badala ya 18, na Muyinga sasa iko ndani ya mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Lakini midomo ya watu haijabadilika, Muyinga ni Muyinga.

Malori yanayoleta mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam yanapita Kobero. Ndiyo maana Kiswahili kinasikika sana hapa: kwa madereva, kwa wafanyabiashara, na katika mitaa ya Waislamu ambako familia nyingi zinakitumia toka zamani. Kwa sisi tuliotoka Kivu hiyo ni baraka. Ukiwa hujui Kirundi vizuri, bado unaweza kununua na kuuza.

Asubuhi huku ni baridi. Tuko kwenye nchi ya milima, na mtu aliyelala ndani ya lori anaamka akitafuta kitu cha moto. Hapo ndipo wauzaji wa kwanza wanapata soko lao. Kuna uji wa mtama au wa mahindi, umefungwa vizuri ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kuna chai. Kuna maandazi na chapati. Kuna viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, imefunikwa kwa majani ya mgomba na kitambaa juu ili moto usitoke. Na kuna maharage ya jana usiku, yamechemshwa tena mpaka yakatokota.

Mteja anasema: "Mama, nipe chapati mbili na maharage." Mama anaweka chapati kwenye sahani, anamwaga maharage juu, anauliza: "Pilipili niweke?" Hayo ndiyo mazungumzo yote. Dakika kumi dereva amekula, amelipa, ameondoka. Mama anasuuza sahani, anamwita mwingine: "Karibu, kaka!"

Angalia sana hapo. Hana meza wala kibanda. Hana friji. Sufuria, upawa, sahani kadhaa za plastiki, ndoo mbili za maji, moja ya kunawa na moja ya kuosha vyombo: huo ndio mtaji wake wote.

NJIANI, KARUZI

Kutoka Muyinga kwenda Gitega watu wengi wanapanda Probox, ile gari ndogo ambayo kila mara inapata nafasi ya mtu mmoja zaidi. Barabara inapanda na kushuka kwenye vilima vya kahawa, migomba na maharage. Upande wa mashariki, mbali na barabara, kuna mbuga ya Ruvubu, ambayo ni kubwa kuliko zote za Burundi.

Miaka hii mafuta ya gari yamekuwa shida kubwa nchini. Tangu 2021 upungufu umekuja na kurudi, na foleni kwenye vituo vya mafuta zimekuwa ndefu sana. Shida hiyo inawagusa wauzaji kwa pande mbili. Abiria akisubiri gari saa nyingi anasikia njaa, na huyo ni mteja. Lakini mawese yanayotoka Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika, yanafika kwa bei ya juu. Hata chumvi inapanda. Ndiyo maana yule anayebeba mkungu wa ndizi kwa kinga kutoka kilimani ana nafasi yake: yeye hasubiri petroli.

Gari ikisimama kwenye senta, utaona mikono inakuja dirishani. Ndizi mbivu, parachichi, marakuja, karanga za kuchemsha kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, mahindi ya kuchoma. Utaona pia ubuswage, ule unga wa muhogo uliopikwa ukawa mgumu na kufungwa ndani ya majani. Ndugu zetu wa Uvira na Fizi watacheka, watasema hiyo ni chikwangue. Ndiyo, ni ndugu yake. Ubuswage na parachichi moja, na karanga za kutafuna baadaye, ni chakula cha safari cha kutosha, na hakuna tone la mafuta litakalomwagika kwenye nguo.

Kitu gani kitauzwa kinategemea mwezi. Burundi ina misimu mitatu ya kilimo. Msimu wa kwanza unaanza mwezi wa 9 na mavuno yake yanakuja mwezi wa 12 na wa 1. Wa pili unaanza mwezi wa 2, mavuno ni mwezi wa 5 na wa 6. Wa tatu ni ule wa mabondeni wakati wa kiangazi. Wakati wa mavuno maharage ni rahisi. Kwenye miezi ya 10 na 11, na tena wa 3 na wa 4, akiba zimekwisha na bei inapanda. Muuzaji mwenye akili ananunua wakati wa mavuno, anakausha vizuri juani, anaweka mahali pasipo na unyevu. Anayengoja mwezi wa 11 ndipo anunue, faida yake inabaki kwa mwenye duka.

GITEGA, SAA SITA MCHANA

Gitega uko katikati ya nchi. Mwanzoni mwa 2019 ukawa makao makuu ya kisiasa ya Burundi, na Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Hapo ndipo lilipo Jumba la Makumbusho la Taifa lililoanzishwa mwaka 1955, na nje kidogo ya mji kuna Gishora, pahali pa ngoma za kifalme. Ngoma hizo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mkipata nafasi ya kwenda na watoto, nendeni.

Lakini sisi tulifuata harufu. Makao makuu maana yake ni wafanyakazi wa ofisi, watu wanaofuata karatasi zao, wanafunzi, mafundi wa ujenzi. Saa sita wote wana njaa kwa pamoja. Na hapo kuna biashara mbili zinazotazamana.

Upande huu kuna moshi wa mishikaki ya mbuzi. Mara nyingi anayechoma ni mwanamume, na mara nyingi yuko mlangoni pa kabare. Mishikaki ya Burundi inajulikana, na ndizi za kuchoma zinaongozana nayo. Hatuna ugomvi nayo! Lakini ili uanze biashara hiyo lazima ununue mbuzi, na nyama isipoisha leo, kesho ni hasara.

Upande wa pili kuna mama na sufuria. Ndani ya sufuria ya kwanza kuna maharage ya mawese na kitunguu. Ya pili ina ndizi zilizopikwa na nyanya. Kwenye beseni kuna bugali ya muhogo iliyofunikwa. Pengine kuna sombe, ambayo Watanzania wanaiita kisamvu, imepondwa na kupikwa na karanga. Pengine kuna lengalenga, au bilinganya chungu ambazo Warundi wanaita intore. Parachichi limekatwa vipande pembeni. Wateja wa mishikaki ni wachache na wanalipa sana. Wateja wa mama ni wengi na wanalipa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuna kijana anakuja na pesa isiyotosha sahani nzima. Anasema kwa heshima: "Mama, nina hii tu." Mama anatazama pesa, anatazama kijana, anaweka nusu ya maharage na bugali kidogo. "Kula, mwanangu. Kesho uje na yote." Huu si mchezo. Anajua kesho atarudi kwake, hataenda kwa jirani. Lakini angalia pia: hakumpa sahani nzima. Huruma yake ina kipimo, la sivyo sufuria ingekufa.

MBONA BILA NYAMA?

Sababu ya kwanza ni bei, kila mtu anajua. Warundi na Wanyarwanda ni miongoni mwa watu wanaokula maharage mengi zaidi duniani. Huku kwetu maharage yanaitwa nyama ya maskini. Jina hilo lina dharau ndani yake, na linawafanya watoto wetu waone aibu kusema walikula nini nyumbani.

Lakini tutazame nje kidogo. Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka, na siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Chakula chao cha mfungo, dengu, shiro na mboga juu ya injera, ni chakula cha tajiri na maskini sawasawa, na hakuna anayeona haya. Wakatoliki hawali nyama Ijumaa za Kwaresima. Wasabato wengi wanaiacha mwaka mzima.

Tena huko Marekani na Ulaya kuna watu wanaojiita vegani. Hawa hawali kitu chochote kinachotoka kwa mnyama: si nyama, si samaki, si yai, si maziwa, hata asali wengi hawagusi. Wengine wanafanya hivyo kwa afya, wengine kwa kuwahurumia wanyama, wengine kwa ajili ya mazingira. Katika miji kama Portland kuna trela ndogo zilizogeuzwa jiko, zimeegeshwa pamoja kwenye uwanja, na baadhi zinauza chakula cha namna hiyo tu. Watu wanasimama foleni kulipia maharage, wali, parachichi na majani. Ndugu zetu waliotoka kambi za Burundi wakapelekwa Marekani wanaweza kuzikuta huko. Sahani ile ile! Tofauti ni kwamba ile ya Portland ina gurudumu, rangi na bei kubwa, na ya Gitega ina jiko la makaa na mama mmoja.

Hatusemi kwamba mkimbizi ni vegani. Vegani amechagua, na wengi wetu hatukuchagua. Mzee wa Minembwe aliyelelewa na maziwa hawezi kuambiwa kwamba maharage ni sawa na ng'ombe wake. Mtu wa Uvira aliyezoea mikeke na ndagala za ziwa anajua anachokikosa. Tunasema hivi tu: chakula hiki si adhabu. Kikipikwa vizuri ni chakula kizuri cha mtu mzima, na kinauzika.

Na utamu wake una siri zake. Wapishi wa barabarani wanakaanga kitunguu taratibu mpaka kiwe na rangi. Wanatia mawese kidogo tu, lakini mwishoni, ili harufu ibaki. Wanaponda karanga kwa mkono na kuzikoroga ndani ya sombe. Wanaponda kijiko cha maharage yenyewe ili mchuzi uwe mzito. Ndimu au nyanya inaamsha ladha. Kwa nyama ungeweka chumvi na kuchoma, basi. Maharage yanataka mpishi.

HESABU YA SUFURIA

Wengi hapa kambini wanauza maharage makavu ya mgao kwa bei ya hasara, kwa sababu pesa inatakiwa leo. Kila mtu anajua shida ya nyumba yake, na hatuhukumu. Lakini tufanye hesabu pamoja.

Kilo moja ya maharage makavu ikiiva inakuwa kilo mbili na zaidi. Tuseme umepika kilo mbili. Umepata kilo nne au zaidi za maharage yaliyoiva. Ukipakua robo kilo kwa kila sahani, una sahani 16. Kabla hujatoka mlangoni, weka pembeni sahani 3 za watoto. Zimebaki 13. Sasa hesabu gharama zote: maharage yenyewe, makaa au briketi, mawese, kitunguu, chumvi, sabuni ya vyombo. Tuseme gharama hizo ni sawa na bei ya sahani 9. Basi faida yako ni sahani 4, na watoto wamekwisha kula. Kama zimebaki sahani mbili jioni, ni chakula cha usiku, si hasara. Hapo ndipo sufuria ya maharage inaishinda mishikaki: kisichouzwa kinaliwa nyumbani.

Hesabu hizi ni mfano tu. Chukua bei za soko lako, andika zako. Na kweli uandike, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua kuandika amwite mtoto wa darasa la nne, atafurahi kuwa karani.

Kinachoua biashara hii mara nyingi si wateja kukosekana. Ni vitu vitatu. Cha kwanza ni mkopo: kila rafiki anakula leo, atalipa mwisho wa mwezi. Cha pili ni kuonja: chovya chovya humaliza buyu la asali. Cha tatu ni moto. Maharage yanakula makaa kuliko kitu kingine chochote. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga yale maji, na kupika kwa maji mapya. Yakikaribia kuiva unaondoa sufuria motoni ikiwa bado inatokota, unafunika vizuri, unaizungushia blanketi kuukuu ndani ya kikapu. Yatamalizia kuiva yenyewe. Ukirudi, yachemshe tena yatokote ndipo upakue.

Tena usiyapike nusu nusu ili kuokoa makaa. Maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha yaendelee mpaka yalainike. Majani ya sombe nayo na muhogo mchungu vina sumu ya sianidi. Muhogo mchungu unaloweka siku kadhaa na kuukausha. Sombe unaiponda na kuichemsha muda mrefu bila mfuniko. Wazazi wetu walifanya hivyo bila kujua jina la sumu, na walikuwa na haki.

SAHANI YA MTOTO

Hapa, wazazi, naomba msome polepole. Uchunguzi wa afya wa taifa uliofanywa Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kudumaa hakuonekani kama njaa. Mtoto anacheza, tumbo limejaa, lakini mwili na akili havipati vifaa vya kujengea. Na miaka miwili ya kwanza ikipita, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Bugali ya muhogo peke yake inashibisha lakini haijengi. Protini yake ni ndogo sana. Maharage na mahindi vikikutana kwenye sahani moja vinasaidiana: kile kinachokosekana kwenye mahindi kiko kwenye maharage. Majani mabichi yanaongeza madini na vitamini. Mawese mekundu na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vinaleta vitamini A inayolinda macho. Karanga na parachichi vinaleta mafuta, na mtoto anayahitaji, kwa sababu tumbo lake ni dogo na haliwezi kubeba bugali nyingi.

Madini ya chuma yaliyo ndani ya maharage yanaingia mwilini kwa shida. Ndimu, chungwa, nyanya au marakuja pamoja na chakula vinayasaidia kuingia. Chai inayazuia. Kwa hiyo chai isipewe pamoja na maharage, iwe mbali, na mtoto mdogo hana haja nayo kabisa. Hilo linawahusu pia akina mama wajawazito, wanaopungukiwa damu haraka.

Kuna jambo moja ambalo maharage hayaliwezi, hata ukiyapika namna gani. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Inatoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Vegani wa Portland anaijua, ananunua vidonge au chakula kilichoongezewa. Mtoto wa kambini hana vidonge hivyo. Kwa hiyo usimwige mtu mzima. Mtoto akishafika miezi sita na kuanza kula, aendelee kunyonya mpaka miaka miwili, na kila unapoweza mpe yai, au kikombe cha maziwa, au kijiko cha dagaa waliosagwa ndani ya uji. Dagaa wachache wanaosagwa wanatosha watoto wawili. Yule mama wa Gitega anaweza kuuza bila nyama mwaka mzima. Faida ya zile sahani nne, sehemu yake moja inunue yai la mtoto. Hapo ndipo sufuria imefanya kazi yake.

UKITAKA KUANZA

Kwanza, karatasi. Usitoke kambini bila ruhusa ya kutoka, na kabla ya kukaa sokoni uliza kwa wakuu wa mahali ni wapi panaruhusiwa na kodi ya soko ni kiasi gani. Kufukuzwa na sufuria ya moto kichwani ni hasara na hatari. Unaweza pia kuanza humu humu: shuleni wakati wa mapumziko, siku ya mgao watu wanaposimama foleni, siku ya mpira.

Pili, anza na kitu kimoja unachokijua. Tangu Februari 2025 ndugu wengi wamevuka kutoka Kivu, na wengine walifika hawana hata sufuria. Wawili au watatu mnaweza kuungana: mmoja ana sufuria, mwingine ana maharage, mwingine ana mguu wa kutembea. Likelemba yetu ya zamani inafaa sana hapo. Kila wiki kila mtu anatoa kidogo, mmoja anapokea, ananunua sufuria au gunia la mavuno.

Tatu, maji na mikono. Mteja akiharisha mara moja, jina lako limeisha mtaa mzima. Ndoo ya kunawa iwe mbele, si nyuma. Sabuni ionekane.

Nne, usione haya. Anayeuza maharage kwa usafi na kwa kipimo sawa hana sababu ya kuinamisha uso mbele ya anayeuza mbuzi.

Wapendwa, tungependa mwezi ujao kuweka hapa mapishi ya sombe kutoka nyumba zenu, maana tunajua kila kabila linasema yake ndiyo tamu kuliko zote. Andikeni kwenye karatasi, kwa Kiswahili, Kifaransa, Kirundi, Kibembe au Kinyamulenge, mkabidhi ofisi ya gazeti. Msiandike "karanga kidogo" au "mafuta kiasi." Andikeni ni vijiko vingapi, kwa watu wangapi, na makaa kiasi gani. Jirani aliyefika jana na sufuria ya kuazima anahitaji kujua hasa.